Vinundu vya Nyumba ya Flavian

Modesti ni fundi seremala wa Kasense, pembeni mwa mji wa Sumbawanga, na kwa miaka mingi watu walimtazama kama mtu anayeaga. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mikono migumu, na msimu wa kulima ulezi ulipofika hakuna jirani aliyemwacha nyuma. Lakini baba yake, mzee Flavian, alianguka shambani na kufa palepale akiwa bado na nguvu zake. Kaka yake mkubwa, Yohanes, alikufa akipakia magunia ya mahindi. Wa pili, Valerian, alikaa mezani baada ya misa ya Pasaka, akasema kifua kinambana, akaomba maji. Maji yalipoletwa hakuyanywa. Wote watatu hawakufika miaka hamsini. Akabaki Modesti, kitindamimba, na kila mtu pale kijijini alijua kinachosubiriwa.

Mama yake, Bertilla, hakukubali kwamba vifo vya namna ile vinaweza kuja vyenyewe. Alitafuta mtu wa kulaumu, na akampata.

Watu wa nyumba ile walikuwa na alama. Nyuma ya kifundo cha mguu, kwenye ile kano nene inayopanda kutoka kisiginoni, walikuwa na vinundu vigumu visivyouma, kama punje za maharage zilizofichwa chini ya ngozi. Vingine vilikaa juu ya vifundo vya vidole vya mikono. Flavian alikuwa navyo, Yohanes na Valerian walikuwa navyo, na Modesti vilimtokea alipoanza ujana. Lakini aliyekuwa navyo vingi na vikubwa kuliko wote, hadi kwenye viwiko, alikuwa Coleta, dada yake Flavian. Coleta alikuwa mjane, akiishi ua wa pili, na hakupita wiki bila kuleta uji wa ulezi kwa watoto wa kaka yake. Bertilla aliyaunganisha hayo. Mwenye vinundu vikubwa ndiye aliyewapandia wengine, na aliwapandia kwa uji.

Baada ya kumzika Valerian, ukoo ulikaa kikao. Hakuna aliyempiga Coleta. Walichofanya ni kuacha kumwitikia salamu. Akifika kisimani, wanawake wanachukua ndoo zao na kuondoka. Akiketi kanisani, benchi linabaki lake peke yake. Mwishoni akasema atahamia Chala, kwa watu waliomjua marehemu mumewe. Modesti ndiye aliyepakia kitanda chake kwenye mkokoteni, kwa sababu mkokoteni wa kukokotwa na ng'ombe ulikuwa wake. Hakusema neno, na shangazi yake hakumwangalia.

Kuondoka kwa Coleta hakukumfungulia Modesti mlango wowote. Bertilla alizidi kumbana. Asile kwa watu. Asilale kwa watu. Msibani aende akiwa ameshiba. Karakana yake ilihamishwa kutoka barabarani ikaletwa uani, chini ya bati lililoegemea jiko, ili mama asikie randa ikipita kwenye mbao. Randa ikinyamaza, Bertilla alitoka nje kuangalia. Mke wake, Silvana, naye alianza kuishi hivyo hivyo. Modesti akijinyoosha mgongo na kuvuta pumzi ndefu, wanawake wawili wanaacha walichoshika na kumtazama.

Naye mwenyewe alijizoeza kutoanza kazi ndefu. Paroko alipomwomba mabenchi mapya ya kanisa, kazi ya kiangazi kizima, alijibu kwamba mbao za mninga zimeadimika. Mbao zilikuwapo. Aliogopa kuwaachia watu kanisa lenye mabenchi nusu. Nyumba yake ya matofali ilisimama usawa wa madirisha na haikuendelea.

Kuna jambo alilolificha. Kwa muda sasa, akisukuma baiskeli yenye mzigo kupanda mlima, kifua chake kilibanwa kama mtu aliyefungwa mkanda. Akisimama, kinaachia. Hakumwambia Silvana wala mama yake. Alijua wakisikia, hata kile kipande kidogo cha uhuru alichobakiwa nacho, cha kwenda mjini kununua misumari, kitaondoka.

Mwezi wa saba, upepo wa Ufipa ukiwa mkali hata vidole vinakufa ganzi, Modesti alikuwa akichonga nira ya ng'ombe ya mfugaji mmoja wa Kisukuma. Tezo iliteleza ikamkata mguu. Silvana alimfunga kwa kitambaa cha kichwani, wakapanda bodaboda hadi hospitali mjini. Bertilla aliwasindikiza hadi barabarani.

"Wakimaliza kushona, mrudi," alisema. "Msikae kae huko."

Aliyemshona alikuwa kijana wa Kahama, Daktari Ngeleja. Alimaliza, akafunga bandeji, lakini hakuuachia mguu. Alipapasa ile kano juu ya kisigino, kisha akahamia mguu wa pili.

"Hivi vimekuwapo tangu lini?"

"Vya kwetu hivyo," Modesti alisema. "Havina shida."

"Vya kwenu, kivipi?"

"Vya ukoo."

Daktari akavuta kiti, akamshika mkono, akapitisha kidole juu ya vifundo. Akamgeuza uso kuelekea dirishani na kumwangalia macho, pale ambapo weusi wa jicho unazungukwa na mviringo hafifu wa kijivu.

"Mzee wako yupo?"

"Alifariki."

"Alikuwa na umri gani?"

Silvana ndiye aliyejibu, na akaendelea hadi kwa mashemeji zake wawili, mmoja kwenye magunia, mwingine mezani.

"Na wewe kifua kinakubana ukifanya kazi nzito?"

Alitazama sakafu. "Kwenye mlima," akasema. "Nikipumzika kinaacha."

Silvana alimgeukia taratibu.

"Kuna ndugu mwingine aliye hai mwenye vinundu hivi?"

"Shangazi," Modesti akasema. Neno hilo lilikuwa halijatamkwa nyumbani kwao tangu mkokoteni ulipoondoka.

Damu ilichukuliwa. Majibu yalipotoka, daktari aliwaita wote wawili na kufunga mlango.

"Kwenye damu kuna kitu kinaitwa lehemu. Wengine wanakiita kolesteroli."

"Lehemu ya kuungia bati?" Modesti aliuliza.

"Jina ni hilo, kitu ni kingine. Hii ni kama mafuta, na kila mtu anayo. Bila hiyo huishi. Mwili unaitumia kujengea chembe zake, kutengeneza homoni, kutengeneza nyongo ya kusaga chakula. Na sehemu kubwa haitoki kwenye sahani. Ini lako lenyewe ndilo linaloitengeneza."

"Sasa ubaya wake uko wapi?"

"Ubaya ni pale inapozidi kwenye damu na kukosa pa kwenda. Inajipenyeza kwenye kuta za mishipa, inajenga ukoko, na njia ya damu inakuwa nyembamba. Siku moja ule ukoko unapasuka, damu inaganda juu yake, na moyo unakosa damu. Mtu anasema kifua kinabana, anaomba maji."

Silvana alikuwa anatikisa kichwa. "Daktari, huyu hana hata kitambi. Nyama kwetu ni ya sikukuu. Tunakula maharage, dagaa, ugali wa ulezi."

"Nakuamini. Watu wengi lehemu yao hupanda kwa chakula, kwa kukaa bila kazi, kwa uzito. Yake ni ya kuzaliwa nayo. Ini la mtu wa kawaida linaikamata lehemu iliyozidi na kuitoa kwenye damu. La kwake lina mikono michache ya kukamatia, na amerithi hivyo kwa mzee wake. Damu yake imejaa tangu yuko tumboni mwa mama. Hivyo vinundu ni lehemu iliyokosa pa kukaa ikajikusanya kwenye kano."

Modesti aligeuza mikono yake juu ya magoti.

"Kwa hiyo hakuna mtu aliyetufanya kitu."

"Hakuna."

Alingoja kusikia mzigo ukishuka. Haukushuka. Miaka yote adui alikuwa nje. Unaweza kumhama, unaweza kukataa uji wake, unaweza kumfungia mlango. Sasa alikuwa ndani ya mbavu zake mwenyewe, na alikuwapo siku zote, hata zile siku alizodhani yuko salama.

Daktari alimpa vidonge vinavyoitwa statini. Alisema vinalisaidia ini kuivuta lehemu kutoka kwenye damu, na ni vya kila siku, maisha yote. Apunguze mafuta ya kukaangia, asivute sigara, lakini asidhani chakula peke yake kitatosha. Aende Mbeya kupimwa moyo. Kisha akauliza kama wana watoto.

"Mmoja," Silvana alisema. "Jenifa. Yuko darasa la sita."

"Naye mleteni. Inawezekana amepata, inawezekana amekosa. Ni nusu kwa nusu."

Nyumbani walimkuta Bertilla anapepeta ulezi. Modesti alikaa kwenye kigoda na kumweleza yote, polepole, kwa Kifipa, kwa sababu mambo mazito waliyazungumza kwa lugha hiyo. Bertilla hakuacha kupepeta.

"Daktari ni mtoto," alisema. "Mgeni. Hajui ya huku."

"Mama, ameiona kwenye damu."

"Damu ya Flavian ndiyo iliyomuua Flavian?"

"Ndiyo."

"Na wanangu?"

"Ndiyo, mama."

Ungo ulisimama. Bertilla aliangalia ua wa pili, ambako paa la nyumba ya Coleta lilikuwa limeshaporomoka.

"Ukiniambia ni mafuta," alisema, "basi mimi nimemfanya nini wifi yangu?"

Bertilla alinyanyuka, akaingia ndani, na hawakumwona hadi jioni. Alipotoka, alikuwa ameshaamua. Hakutaka kusikia tena habari za lehemu. Na vidonge, kwake, vilikuwa chakula cha mkono wa mtu asiyemjua. Wiki ile ile Modesti aliviacha dirishani, aliporudi hakuvikuta.

"Nimevitupa chooni," Bertilla alisema bila kumficha. "Nilizika wawili. Wewe hutakunywa kitu ambacho sijui kimetoka wapi."

Modesti hakumgombeza. Alinunua vingine, akavifungia ndani ya sanduku la vifaa, chini ya patasi na misumeno. Kila asubuhi alijifanya anatafuta penseli ili ameze kidonge chake. Alikuwa mwanaume mzima, baba wa mtoto, anamficha mama yake dawa ya kumweka hai.

Kisha yakaja majibu ya Jenifa. Naye alikuwa amerithi lehemu ya babu yake, ingawa vinundu bado. Daktari Ngeleja alisema kwamba kwake habari hii imefika mapema, na mapema ni jambo jema, kwa sababu mishipa yake bado haijaharibika. Atamwandikia aonwe na bingwa Mbeya, aanzishiwe dozi yake. Silvana aliyasikia yote, akatoka nje, akasimama akiushika ukuta.

Jenifa alimfuata baba yake karakanani.

"Nami nitakufa kama baba wakubwa?"

"Wao hawakupata dawa."

"Na dawa ikiisha?"

Ilikuwa imeshawahi kuisha. Maduka ya dawa ya mjini yote yalisema hayana, na Modesti alisubiri mzigo kutoka Mbeya huku akiusikiliza moyo wake kila anapopiga msumari. "Tutaiagiza," alisema. Mtoto alimtazama hivyo tu, akachukua ufagio na kuanza kufagia maranda.

Baada ya hapo Modesti alisafiri kwenda Chala. Alimwambia mama yake anakwenda kuangalia mbao. Daktari alikuwa amesema kila ndugu wa damu apimwe, na ndugu wa damu wa baba yake aliyebaki ni mmoja.

Alimkuta Coleta nyuma ya nyumba yake ndogo, anaanika maharage kwenye turubai. Alikuwa amezeeka, lakini mgongo ulikuwa umenyooka.

"Shikamoo, shangazi."

Coleta hakuitikia. Alitandaza maharage kwa viganja, akaondoa jiwe moja, akalitupa.

"Umekuja kupakia nini leo?" aliuliza.

Modesti alivua kiatu. Hakujua aanzie wapi, akaanza na kisigino. Alimweleza habari ya ini, habari ya mikono michache, habari ya ukoko kwenye mishipa. Alisema kwamba vinundu havipandwi na mtu. Flavian alikuwa navyo kwa kuzaliwa, na yeye Coleta kwa kuzaliwa, pengine kwa baba yao au mama yao. Coleta alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akapandisha mikono ya sweta lake. Kwenye viwiko vyake, juu ya vile vinundu, kulikuwa na makovu marefu.

"Nilivikata kwa wembe," alisema. "Nilipofika hapa, mwaka ule wa kwanza."

"Kwa nini, shangazi?"

"Watu wote hawawezi kukosea pamoja, ndivyo nilivyofikiri. Nikasema labda kweli ninacho kitu ndani yangu na mimi sijijui. Labda mtu anaweza kuua watu anaowapenda akiwa amelala." Alishusha mikono ya sweta. "Niliacha kumpikia mtu yeyote. Watoto wa jirani wakija, nawafukuza. Hadi leo nawafukuza."

Modesti aliinama. Alitaka kuomba msamaha, lakini neno lenyewe lilionekana dogo mno mbele ya yale makovu. Akalisema hata hivyo.

"Nimekusikia," Coleta alisema. Hakusema zaidi ya hapo.

Alikubali kwenda kupimwa, kwa sababu naye kifua kilikuwa kikimbana akibeba maji. Alitoa sharti moja, kwamba hatalala Kasense.

Siku ya kliniki, Bertilla alikwenda na mwanawe hospitali. Aliposikia anakwenda kwa daktari tena, alijifunga kitenge na kutangulia njiani, na hakuna aliyeweza kumrudisha. Walipoingia kwenye korido, Coleta alikuwa ameshaketi kwenye benchi, na mkoba wake mapajani. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja, ubavuni kwake.

"Bertilla," Coleta alisema. "Kaa. Miguu yako huwa inavimba."

"Nitasimama."

Akasimama. Wagonjwa waliingia na kutoka, na yeye kasimama, ameegemea ukuta, macho kwenye saruji. Coleta alipoitwa na mlango ukafungwa nyuma yake, Bertilla alimvuta Modesti shati.

"Naye anayo, hayo ya damu?"

"Ukimwangalia viwiko, anayo. Wanapima kiasi tu."

"Mbona hakufa?"

"Daktari anasema kwa wanawake huchelewa."

Bertilla alitazama mlango uliofungwa. Kisha akakaa, pale pale alipotoka Coleta, akavuta upande wa kitenge na kufunika uso. Modesti aliona mabega yake yakitikisika. Alikaa karibu naye bila kumgusa, maana hakujua kama angependa kuguswa. Coleta alipotoka, ameshika pamba kwenye mkono, aliwakuta hivyo. Alingoja kidogo kama kuna mtu mwenye neno. Hakuna aliyelisema. Akaketi ukingoni mwa benchi upande wa pili, na wanawake hao wawili wakakaa, Modesti akiwa katikati, hadi dirisha la dawa lilipofunguliwa.

Yameishia hapo kwa sasa. Coleta anameza dawa na bado anaishi Chala. Bertilla hajawahi kwenda kwake, ila alipovuna ulezi alijaza debe akamwambia Modesti alipeleke, bila kusema limetoka kwa nani. Coleta alilipokea bila kuuliza. Vidonge havitupwi tena, ingawa Bertilla hugeuza uso mwanawe akivimeza. Mbeya walimkuta Modesti na mshipa mmoja ulioanza kuziba. Wakamwongezea dawa, wakamkataza kubeba magogo, wakamfundisha afanye nini maumivu yasipoachia. Ameshapita umri aliofia Valerian. Siku hiyo hakuna aliyeitaja nyumbani, lakini Silvana alipika vizuri.

Jenifa naye anameza dozi yake na damu yake imeanza kushuka. Mwaka huu amechaguliwa timu ya netiboli ya shule. Modesti alitaka kumkataza. Daktari Ngeleja akasema mwache akimbie, kukimbia kunamfaa, dawa inafanya kazi yake. Basi akamwacha, lakini jioni za mazoezi anakwenda kusimama pembeni mwa uwanja, mikono mifukoni, na hatazami mpira. Anatazama kifua cha mtoto kikipanda na kushuka.

Juzi Jenifa aliomba kutoka, akamjia huku jasho likimtiririka.

"Baba, nenda nyumbani," alisema kwa upole. "Wenzangu wanauliza una nini."

"Sawa," Modesti alisema. "Nakwenda."

Akaondoka kweli, akapita madarasa, hadi nyuma ya ukuta wa jiko la shule ambapo hakuna anayemwona. Hapo akasimama, akisikiliza filimbi na kelele za wasichana, na akajaribu kuitambua sauti ya mwanawe kati ya nyingine zote.